Urefu wa Panga: Bondeni, Mikokoni na Minazini

Jambo tulilolichagua leo ni dogo kwa kulitazama, na huenda mtu akacheka na kusema, "Je, mwalimu ametoka chuoni kuja kutufundisha panga? Nani katika Rufiji asiyelijua panga?" Ni kweli, hakuna asiyelijua. Mtoto wa kwetu hushika panga kabla hajashika kalamu. Walakini mwulize mtu panga lake lina urefu gani, na kwa nini alichagua urefu huo, aghalabu atakutazama tu. Sisi nasi tulikuwa hivyo hivyo, na jibu tulilipata kwa damu ya mtu mwingine, kama tutakavyoeleza.

Nenda dukani Kibiti, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, utayaona mapanga yametundikwa, mafupi na marefu. Mnunuzi huyatazama, huuliza bei, na akiona kwamba lile refu limelizidi fupi kwa fedha kidogo tu, hulichukua refu. Hesabu yake ni kwamba chuma kingi kwa fedha kidogo ni faida. Hesabu hii yafaa kwa nguo na kwa kamba, maana kitambaa kikizidi hukunjwa, na kamba ikizidi hukatwa. Panga likizidi, ile ziada huendelea kwenda huku na huku mbele ya mkono wako, nawe huna habari nayo. Tena mara nyingi anunuaye ni mume, naye atakayefyeka ni mke. Panga limepimwa kwa mkono wa bwana, kisha mama anakwenda kulihangaikia bondeni tangu alfajiri hata adhuhuri.

Kwanza tukubaliane katika vipimo. Panga hupimwa toka mpini unapokoma hata ncha. Mpini wenyewe hauhesabiwi. Dukani hutajwa kwa inchi, au kwa sentimita, na inchi 1 ni sentimita 2 na nusu na kidogo. Asiye na rula anayo shibiri yake, toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shibiri ya mtu mzima ni kama inchi 9, na shibiri 2 ni dhiraa 1, yaani toka kiwiko hata ncha za vidole, inchi 18. Basi tukisema panga fupi, maana yetu ni la inchi 12 hata 14, kama shibiri 1 na nusu. La kati ni la inchi 16 hata 18. Refu ni la inchi 20 na zaidi, mpaka 24.

Kwa nini urefu uigeuze kazi? Mmewaona watoto wakicheza, wameshikana mikono safu moja na kuzunguka, na mmoja amesimama mwisho wa ndani kama kigingi. Aliye karibu na kigingi hutembea polepole, bali yule wa mwisho wa nje hukimbia hata hupepesuka. Bega lako ndilo kigingi, na ncha ya panga ndiyo mtoto wa mwisho. Kwa mzunguko ule ule wa mkono, ncha ya panga refu hupita upesi kuliko ncha ya panga fupi. Upesi huo ndio ukatao majani, kwa kuwa jani ni jepesi, halina kitu cha kulishikilia ila shina lake, na ukilipiga polepole huinama tu, kisha husimama tena nyuma yako kana kwamba hukupita. Kwa majani, basi, panga refu na jembamba.

Mti ni habari nyingine. Mti umesimama na haukimbii. Wataka uzito, wataka chuma kinene kisichotetema, na zaidi ya yote wataka shabaha, ili pigo la pili liangukie pale pale lilipoangukia la kwanza. Kadiri makali yalivyo mbali na kiganja, ndivyo shabaha inavyopungua. Tena tusisahau jambo moja katika mchezo ule wa watoto: uwanja ukiwa mdogo, yule wa mwisho ndiye agongaye ukuta.

Tuanze mahali penye uwanja mpana. Katika bonde la Rufiji, mafuriko yakiisha kupita, ardhi hubaki na rutuba, na nyasi na matete huota upesi mno. Kabla ya kupanda mpunga sharti yafyekwe yote. Hapa panga refu lina haki yake. Mfyekaji husimama karibu wima, mgongo haumwumi, na kila pigo huchukua upana mkubwa. Mtu mwenye panga la inchi 14 akifyeka matete huinama kutwa nzima, na jioni hawezi kuupanda dungu wake kulinda ndege na nguruwe. Hata nyoka ni afadhali akutane na ncha ya mbali kuliko na kidole cha karibu.

Ila refu nalo lina kiasi chake. Simama wima, mkono umeninginia, panga kiganjani, ncha chini. Ncha ikigusa udongo, panga hilo ni refu kwako, hata kama ni la baba yako na yeye alilipenda. Pawepo angalau upana wa kiganja kimoja kati ya ncha na ardhi. Kwa kipimo hiki mtu mrefu huweza kuchukua la inchi 24, mtu mfupi la 20 au 22, na kijana wa miaka 12 haruhusiwi zaidi ya 16, ajapolia. Mkono wa kushoto usishike majani asilani. Ushike kigoe, yaani kijiti chenye kulabu cha urefu wa mkono mmoja, nacho ndicho kiyavutacho majani kando ili panga lipate kupita. Na watu wakifyeka safu moja, pawe na pima 2 kati ya mtu na mtu. Katika kazi za ujirani watu hupenda kukaribiana kwa ajili ya mazungumzo na nyimbo. Nyimbo husikika hata kwa pima 2.

Sasa tushuke kwenye delta, mahali mto unapogawanyika kuwa mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Hapa pana msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wo wote katika Tanzania. Wenyeji huijua miti yake kwa majina: mkoko wenyewe, mchu, msinzi, mkandaa, mkomafi na mingine. Fito, pau na boriti za huku zimejenga nyumba za Unguja, na majahazi yalizichukua hata Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Kwa sababu ya biashara hiyo msitu huu uliwekwa chini ya sheria mapema, tangu mwaka 1898 wakati wa Wajerumani, na hata leo mti haukatwi bila kibali.

Aliyezoea shamba tu akiingia mikokoni huona kwamba kila kitu kimegeuka. Mkoko husimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyesimama juu ya vidole, na mizizi ile imepindana upande huu na upande huu, mingine ikining'inia toka matawini. Mchu huchomoza vijiti vingi toka topeni vya kuvutia hewa. Hakuna mahali pa kukanyaga palipo imara: mguu mmoja uko juu ya mzizi unaoteleza, wa pili umezama hata gotini, na mkono wa kushoto umeshika tawi ili usianguke. Katika hali hiyo hakuna nafasi ya kuzungusha panga.

Haya hatukuyajua tulipokuwa vijana, tukifundisha katika shule moja ndogo ya huko. Ukuta wa darasa ulikuwa umebomoka, kibali cha kukata fito tukakipata, tukachagua wavulana wanane wenye nguvu. Mapanga tuliyatoa sisi wenyewe katika ghala ya shule. Yote yalikuwa marefu, ya kufyekea majani, maana ndiyo yaliyokuwapo. Na lile refu kuliko yote, la inchi 24, tulimpa kijana mmoja wa miaka 16 kwa kuwa alikuwa hodari, nasi tulitaka kumheshimu mbele ya wenziwe. Mzee aliyetuongoza alikuwa na kipande cha panga kilichochakaa, hakikuzidi shibiri 1 na nusu. Tulikiona, tukadhani ni umaskini.

Hazikupita saa 2. Kijana alisimama juu ya mizizi, akainua panga juu ya bega kama afanyavyo shambani, na ncha ikanasa nyuma yake katika mzizi uliokuwa ukining'inia. Hakuuona, maana ulikuwa nyuma ya kisogo. Akavuta kwa nguvu. Panga likachomoka, lakini halikurudi katika njia yake. Lilishuka upande, likaukosa ufito, likampata juu ya mguu wa kushoto, chini kidogo ya kifundo.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mtumbwi wetu ulikuwa umekaa juu ya tope, na kijito kilichokuwa na maji tulipoingia kilikuwa kimebaki mchirizi tu. Wasikilizaji mnaokaa nchi kavu huenda msiufahamu uzito wa jambo hili. Katika delta, mtu akijikata, jeraha lake halingoji gari wala barabara; lazima lingoje bahari. Tulimlaza juu ya makasia, tukauinua mguu, tukaufunga kwa shati letu, tukaukandamiza kwa zamu. Tulikaa hivyo karibu saa 3, tukiyatazama maji yakirudi kidogo kidogo, kidole kwa kidole, wala hapakuwa na la kufanya.

Yule mzee hakutulaumu. Baada ya kitambo alichukua panga lile refu, akaligeuza geuza, akasema, "Mwalimu, huku hakukatwi kwa bega. Huku hukatwa kwa kiganja." Tukamwuliza, "Mzee, kwa nini hukutuambia asubuhi?" Akajibu, "Nalidhani watu wa shule mwajua."

Maneno yake ndiyo elimu yote ya panga la mikokoni. Panga fupi, la inchi 12 hata 14, lenye mgongo mnene, huchezeshwa kwa kiganja na kiwiko tu, bega halishiriki. Makali hayapandi juu kuliko sikio, basi hayawezi kunasa mahali usipopaona. Tena msidhani kwamba panga fupi ni dhaifu. Panga la kwetu limetanuka karibu na ncha, mfano wa tumbo la samaki, na uzito wake mwingi uko mbele. Kwa hiyo hata likiwa fupi huuma mti kwa uzito huo, bila kuhitaji mzunguko mkubwa. Ufito hukatwa kwa mapigo mawili matatu ya mshazari, karibu na shina, na daima makali yakielekea mbali na mguu uliotangulia. Mti mnene kuliko kifundo cha mkono ni kazi ya shoka.

Kijana yule alipona. Lakini kano ya kidole gumba cha mguu ilikuwa imekatika, na kidole hicho hakiinuki hata leo. Mwaka ule hakufanya mtihani wake.

Kwa kuwa jambo hili laweza kumpata mtu ye yote, tutaje kwa ufupi yapasayo kufanywa. Chukua kitambaa kilicho safi kuliko vyote ulivyo navyo, kikandamize juu ya jeraha kwa nguvu bila kuachia, na mguu au mkono uliojeruhiwa uinuliwe juu. Damu ikipenya, ongeza kitambaa cha pili juu yake. Usikitoe cha kwanza, maana utaifungua damu iliyokwisha kuganda. Majivu, tumbaku, tope na kinyesi cha mnyama visitiwe kabisa katika jeraha, kwa kuwa ndimo yanamoweza kuwamo mambo ya pepopunda. Kisha mgonjwa apelekwe zahanati, hata kama damu imekoma, ili ashonwe na kupewa chanjo ya pepopunda.

Turudi nchi kavu. Mkwezi wa minazi huchagua panga fupi kwa sababu yake mwenyewe: hupanda nalo kiunoni, mgongoni, na likizidi shibiri 1 na nusu humpiga mapajani kila anapojivuta. Huko juu pia mkono mmoja ni wa kujishikia, kama mikokoni. Panga hilo hilo lafaa kupasulia madafu chini. Nazi kavu hufuliwa kwa kifuo. Atumiaye panga kwa kazi hiyo anataka kupungukiwa na kidole. Mgema ana kotama yake, hatuna la kumfundisha.

Mikorosho, iliyo mali ya watu wengi wa Kibiti, hudai mapanga mawili. Kabla korosho hazijaanza kuanguka, chini ya miti lazima pafyekwe pawe peupe ili korosho zionekane, na hiyo ni kazi ya panga refu, ingawa matawi ya chini huinama sana na mtu asipokuwa mwangalifu ataikata miti yake mwenyewe. Kupogoa matawi ni kazi ya panga la kati, au afadhali zaidi ya msumeno. Panga huacha jeraha lililochanika, na tawi kubwa likikatwa toka juu tu huanguka na kubandua ganda la shina. Likatwe kwanza kidogo toka chini, ndipo limalizwe toka juu.

Hata mbali na kwetu mambo ni yale yale. Mkata mkonge wa Tanga hutumia kisu kifupi, kwa kuwa mkono wake hupenya katikati ya majani yenye miiba, akikata jani moja moja. Mkata miwa wa Kilombero hutumia panga pana na zito, kwa kuwa muwa hukatwa chini kabisa, karibu na udongo, kwa pigo moja. Kila mmoja wao amepimiwa chombo chake na mmea ulio mbele yake na nafasi iliyo kando yake.

Mwenye fedha ya panga moja tu atatuuliza anunue lipi. Sisi twasema la inchi 16. Halitamridhisha sana bondeni, wala halitakuwa jepesi mikokoni, lakini halitamdhuru upesi po pote. Akiwa dukani alitazame kwa jicho moja toka mpini hata ncha, aone kama mgongo umenyooka. Alikunje kidogo kwa kukandamiza ncha juu ya ubao; likirudi na kunyooka ni zuri, likibaki limepinda aliache. Atazame kama chuma kimepita ndani ya mpini wote mpaka mwisho, na kama misumari yake imekaza, kwa maana mpini ukilegea panga huweza kuruka likampata mtu asiyehusika. Chapa isimpumbaze. Zamani mapanga mengi yalitoka Birmingham katika Uingereza, baadhi yakiwa na chapa ya mamba. Na katika miaka ya 1970 kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitengeneza majembe na mapanga hapa hapa nchini. Katika yote mtu aliweza kupata zuri na baya.

Panga la delta linaliwa na maadui wawili, chumvi ya maji na utomvu wa magome. Gome la mkoko lina dawa kali, ile itumikayo kutengenezea ngozi, nayo ikigusa chuma hukitia weusi. Basi jioni lioshwe kwa maji matamu, likaushwe, lipakwe mafuta ya nazi, na litiwe ndani ya ala. Ala si lazima iwe ya ngozi. Mbao mbili nyembamba zilizofungwa kamba zatosha. Panga lisilo na ala ndani ya mtumbwi, watu wakiwa pekupeku, ni jambo tusilopenda hata kulifikiri.

Na aliye na panga refu lililochakaa au kuvunjika ncha asilitupe. Lipelekwe kwa mhunzi, lipunguzwe, liwe panga la mikokoni. Ila mhunzi alikate likiwa baridi, kwa tindo na nyundo, kisha alisawazishe kwa tupa. Likitiwa motoni hata likawa jekundu, ugumu wake hutoka, na baada ya hapo halikai makali.

Yule kijana wetu sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto, na hufanya kazi ya kukata fito kwa kibali. Tulipomtembelea alituonyesha panga lake. Lilikuwa na shibiri 1 na nusu, ncha imechongwa kwa tupa, na karibu na mpini tuliona alama ya rangi ya ghala ya shule. Ndilo lile la inchi 24. Shule ilipotaka kuliuza katika vyombo vikuukuu, yeye alilinunua, akaenda nalo kwa mhunzi, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kukata.